Mshiriki Namba Ishirini na Saba

Siku Redio aliponyamaza katikati ya neno, mkewe alimshukuru Mungu. Usimcheke. Ungeishi na Redio wiki moja tu, wewe ungepiga vigelegele.

Redio alikuwa kinyozi, na jina hilo alipewa na wateja wake, wala hawakumwonea. Mtu alikuwa akiingia kunyoa ndevu, anatoka anajua nani kaachwa, nani kaolewa kwa siri, na mwenye nyumba gani ana vidonda vya tumbo. Mdomo wake haukuwa na mlango. Ukimpa siri asubuhi, mchana unaikuta imekutangulia nyumbani. Ila mkono wake, hapo mpe heshima: wembe ulipita kooni kwako na hukusikia kitu, hata kama mwenyewe alikuwa anacheka. Watu walisema mdomo wa kasuku, mkono wa malaika.

Asubuhi hiyo walikuwa mezani wanakunywa chai, naye anasimulia habari ya mteja aliyesinzia kitini akanyolewa nyusi. "Basi nikamwambia, ndugu yangu, nyusi zitao..."

Akakoma. Kikombe nusu ya njia, macho wazi. Hakupaliwa, hakukohoa. Mkewe alihesabu kwa mazoea ya kazi yake: sekunde mbili. Kisha Redio akaendelea palepale alipoachia, "...ta, usijali," akanywa chai yake na kumaliza kisa. Alipoulizwa, hakujua kwamba alikuwa amekoma.

Mkewe akatabasamu. Leo redio imeishiwa betri, akasema moyoni, akachukua mkoba akaenda kazini. Kitu kimoja tu kilimkera njiani. Pale mezani palikuwa na harufu ya chuma kilicholowa, na harufu hiyo aliijua vizuri, ila hakuwahi kuisikia nyumbani kwake.

Aliijua kazini. Kazini walimwita Bi Jedwali, kwa sababu majedwali yote ya utafiti yalipita mikononi mwake. Kituo chao kilipiga picha za ubongo, na daktari mwenye utafiti alitaka kujua ubongo unajizuiaje: kwa nini mtu mmoja aweze kufunga mdomo na mwingine ashindwe. Ndiyo, na wewe umemfikiria Redio. Kituo kizima kilimfikiria Redio, isipokuwa Daktari, ambaye hakusikiliza soga.

Nitakueleza walivyofanya, tena kwa maneno machache kuliko Daktari aliyesomea miaka kumi na moja. Unalala chali ndani ya mashine ya sumaku, bomba jeupe lililokaa kama tanuri la mikate. Linagonga: ngo, ngo, ngo. Juu ya macho yako kuna kioo, na kwenye kioo unatokea mshale. Ukiuona, bonyeza kitufe upesi. Lakini mara mojamoja mshale unageuka mwekundu, na hapo usibonyeze. Kazi ya mtoto, sivyo? Ngoja kwanza. Kompyuta ile ni laghai. Ukifaulu kujizuia, safari inayofuata inauchelewesha wekundu kidogo. Ukifaulu tena, inauchelewesha zaidi, mpaka unakuja wakati kidole kimeshashuka. Kwa hiyo hakuna binadamu asiyekosea. Uwe mcha Mungu, uwe mwizi wa kuku, karibu nusu ya mishale myekundu utaibonyeza tu.

Ukimaliza unaambiwa asante na unapewa bahasha yenye picha ya ubongo wako ukawatishe watu nyumbani. Bi Jedwali mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala humo mashine ilipokuwa mpya, na picha yake ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha kuongozea. Upande wa kushoto ilikuwa na doa jeupe lisilo na madhara, umbo la harage. Fundi wa mashine hakuchoka nalo. Kila akikosea kitu Bi Jedwali, Fundi alisema harage halijaiva.

Sasa sikiliza kosa.

Kila siku, kabla ya mtu kulala mle, Fundi huingiza chupa: chupa ya duara, ukubwa wa kichwa, imejaa maji na kuzibwa isifunguke. Anaipiga picha ili ajue mashine ni nzima. Maji hayafikiri, kwa hiyo picha yake inatakiwa iwe ya kijivu mwanzo hadi mwisho. Wiki mbili kabla ya ile chai, mshiriki namba ishirini na saba alikuwa hakutokea. Fundi akaona aitumie nafasi kuipima mashine tena. Akalaza chupa, akawasha, akaenda kula. Bi Jedwali naye alikuwa ameshaifungua programu ya mishale kwa namba ishirini na saba, akasahau kuifunga. Aliingia mara moja chumba cha mashine kupanga vitu, akakitua kitufe juu ya chupa, akaitazama ilivyolala kwenye mto kama kichwa cha mtu, kimya, haina habari na mtu. Akaigonga kwa kucha.

"Wewe ndiye mwenye breki," akaiambia. "Laiti mume wangu angekuwa na breki kama zako."

Akacheka peke yake, akatoka, akafunga mlango.

Waliporudi kutoka kula, mishale mia tatu ilikuwa imejibiwa. Ya kawaida yote ilibonyezwa. Myekundu haikubonyezwa hata mmoja. Kompyuta ilikuwa imeuchelewesha wekundu na kuuchelewesha, mpaka mwishoni ulikuwa unatokea baada ya mshale kuondoka kabisa kwenye kioo, na bado aliyekuwa akijibu alijizuia. Fundi aliyaangalia majibu yale, kisha akaziangalia picha za chupa. Katikati ya ule ukijivu kulikuwa na nuru ndogo, punje ya mchele tu, iliyowaka kila mara kabla ya wekundu na kuzimika.

"Waya wa kitufe umekufa," Bi Jedwali alisema.

"Waya hauchagui," Fundi akajibu kwa sauti ya chini. "Huyu alijua wekundu unakuja kabla haujaja."

"Basi nafuta."

Hakuwahi. Daktari aliingia, akaona ule mstari wa majibu kwenye jedwali, akasogeza kiti. Utafiti wake ulikuwa umekwama kwa kukosa watu, na hapa kuna mtu mmoja kaziba pengo na kuwapita wote. Akauliza huyu ni nani. Bi Jedwali angesema kweli angeonekana mzembe, na mbele ya Daktari uzembe ulikuwa kama ukoma. Ulimi ukamtangulia. Akasema ni mtu wa kawaida tu, kinyozi. Daktari akamtaka aijaze fomu, maana nafasi zote zilikuwa tupu. Naye akajaza, mbele ya macho ya Fundi: mwanamume, miaka thelathini na tisa, kazi kinyozi. Kwenye namba ya simu akaandika ya mumewe. Kwenye sahihi akatia mkwaruzo.

Uongo una miguu mifupi, wanasema. Huu ulikuwa na ratiba. Kila mshiriki alitakiwa kurudi mara ya pili baada ya wiki mbili, na kompyuta yenyewe ndiyo iliyotuma ujumbe wa kumwita, bila kumuuliza mtu.

Kwa hiyo alipofika kazini siku ile ya chai, Bi Jedwali alikuta ujumbe umeshaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndugu mshiriki namba 27, tunakukaribisha kwa ziara ya pili. Chini yake kulikuwa na jibu kutoka simu ya mumewe, neno moja tu: Nimeshafika. Akampigia akicheka, kumwambia aache utani. Redio akaapa hakuandika chochote, wakati ule alikuwa anaoga. Bi Jedwali akakata simu, akaangalia tena. Kicheko kikamwishia kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Jibu lilikuwa limeingia saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa. Lilikuwa limeutangulia mwaliko.

Tangu hapo Redio akawa anakoma. Jumatatu sekunde mbili. Jumanne nne. Jumatano alikoma akivaa kiatu, mguu hewani, sekunde tisa, na mkewe alipomsogelea alisikia kitu ndani ya kifua chake, kwa mbali, kama jirani anayegonga ukuta: ngo, ngo, ngo. Harufu ya chuma kilicholowa ikakaa kwenye mashuka. Majirani walimsifu Bi Jedwali kwamba mumewe ametulia siku hizi, amekuwa mtu mzima. Yeye aliitikia asante, lakini majedwali alikuwa anayajua. Aliziandika zile sekunde kwenye karatasi, akaziona zinavyopanda ngazi. Kila Redio alipofaulu kukoma, safari iliyofuata alikomeshwa zaidi. Kwanza ulimi. Halafu mkono. Alhamisi kope.

Ijumaa mchana alimpelekea chakula dukani, na alipofika mlangoni aliona watu watatu wamekaa kwenye benchi hawasemi neno, na kwenye kiti mwalimu mmoja mstaafu ameinua kidevu, povu hadi masikioni, na juu ya koo lake, palepale panapodunda mshipa, wembe wa Redio umesimama, umegusa, hausogei, na Redio mwenyewe nyuma yake amesimama kama picha ya Redio, mdomo nusu wazi, kifua hakipandi wala hakishuki, na yule mzee anaangalia dari kwa macho yaliyojaa maji, hathubutu kumeza mate, huku duka zima likinuka kama bomba la zamani na ule mlio ukipita kwenye sakafu, ngo, ngo, ngo, mpaka chupa za mafuta zinatetemeka kwenye rafu. Na Bi Jedwali, badala ya kupiga kelele, alijikuta anahesabu, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini.

Redio akavuta pumzi. Wembe ukamaliza safari yake, safi, bila tone la damu. "...ndipo nikamwambia shemeji hapana," akasema, akashangaa kuona hakuna anayecheka.

Mwalimu aliondoka na upande mmoja wa ndevu. Hajarudi kuchukua kofia yake mpaka leo.

Redio alikuwa na shangazi mganga. Ukiwaza mizizi na mikia ya wanyama umepotea. Shangazi alikuwa na miwani, chumba cha kusubiria na tiketi za foleni. Alimsikiliza Bi Jedwali mpaka mwisho, akaiomba ile fomu, akaisoma kila kifungu kwa kidole, maandishi madogo kwanza.

"Majini hawaibi watu, mke wetu," alisema taratibu. "Wanapewa. Umekiita kitu usichokijua, ukakipa namba. Ukakipa miaka ya mumeo na kazi ya mumeo na simu ya mumeo. Kimekaa ndani ya mumeo, unashangaa nini?"

Bi Jedwali aliuliza kwa nini kinamkomesha.

"Si uliomba breki?"

Shangazi akavua miwani, akaifuta. Alisema mgeni aliyealikwa hafukuzwi kwa moshi. Mmemwita ziara ya pili na hakuna aliyempokea, kwa hiyo kazi yake anaifanyia alipo. Apokewe, afanyishwe, aagwe kama wanavyoagwa wengine. Akauliza wengine wakiondoka hupewa nini. Akajibiwa: picha ya ubongo wao.

"Basi naye apewe yake. Akitoka mikono mitupu atarudi, na akirudi hatakuwa na haraka."

Wakakubaliana Jumatatu saa saba mchana, Daktari akiwa kwenye mkutano. Shangazi angekaa dukani na Redio, simu wazi. Redio aliambiwa azungumze tu, asinyamaze. Ni kama kumwambia samaki aogelee.

Saa saba Fundi alilaza chupa kwenye mto. Bi Jedwali akaweka kitufe juu yake. "Karibu, namba ishirini na saba," akasema. Akayasomea maji masharti yote, neno kwa neno, pamoja na lile la kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Kisha akatoka, mlango mzito ukafungwa, wakakaa nyuma ya kioo cha chumba cha kuongozea, yeye na Fundi na ile simu iliyokuwa ikimwaga sauti ya Redio.

Mishale ikaanza, na kitufe, ambacho hakuna aliyekigusa, kikaanza kubonyea. Redio alikuwa anasimulia harusi fulani iliyovunjika kwa sababu ya suruali. Ghafla sauti yake ikakatika, na baada ya pumzi moja mshale ukageuka mwekundu, na kitufe hakikubonyea. Sauti ikarudi. Ikakatika tena, na wekundu ukaja nyuma yake kama mtumwa anayemfuata bwana wake. Fundi alishika ukingo wa meza. Kila kompyuta ilipouchelewesha wekundu, Redio alikatika mapema zaidi na kurudi baadaye zaidi, mpaka ile hadithi ya suruali ikawa vipande, neno hapa, nusu neno pale, na katikati yake kimya kirefu ambamo walimsikia Shangazi akihesabu kwa upole, kama mtu anayehesabia mtoto usingizi, ishirini, thelathini, arobaini, na ule mlio wa mashine ukija kutoka pande mbili kwa pamoja, nyuma ya kioo na ndani ya simu.

Mshale wa mwisho ulikuwa mwekundu. Skrini ikaandika: Asante. Umemaliza. Mashine ikatulia.

Redio hakurudi.

"Hamsini," Shangazi alisema kwenye simu. "Zawadi yake, mke wetu. Midomo inakuwa ya bluu."

Bi Jedwali akaamuru picha ya namba ishirini na saba ichapwe. Alitegemea duara la kijivu. Karatasi ikatoka polepole, na juu yake kulikuwa na ubongo wa mtu, mikunjo yote, na upande wa kushoto doa jeupe, umbo la harage.

Fundi aliinua macho ukutani, akayarudisha kwenye karatasi. "Huo ni wako," alinong'ona. "Usimpe."

"Sabini na tano," Shangazi alisema.

Unajua alichofanya. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa ulimi uliokauka mpaka ikabidi arambe mara mbili. Aliingia kule ndani. Harufu ya chuma ilimpokea kama maji ya kifuani. Aliiegemeza bahasha kwenye chupa, akasema, "Asante kwa kushiriki. Hatukuhitaji tena. Kwaheri." Kitufe kikabonyea mara moja, taratibu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

Nje, kwenye simu, kulisikika pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka kutoka majini, kisha: "...na suruali yenyewe ilikuwa ya kuazima!" Na Shangazi, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka.

Bahasha ilikuwa bado imefungwa. Walipoichana, haikuwa na kitu.

Bi Jedwali aliufuta ule mstari kwenye jedwali, akamwambia Daktari ukweli wote isipokuwa ule ambao Daktari asingeuamini, akakaripiwa, na alilala usingizi wa mawe. Wiki nzima Redio hakukoma hata nukta. Aliongea akila, akaongea akipiga mswaki. Mwalimu mstaafu tu ndiye aliyeendelea kunyoa mtaa wa pili.

Siku ya nane alimpelekea chakula dukani. Benchi limejaa, kicheko kimejaa. Mtu kitini ameinua kidevu, na Redio, wembe mkononi, anawasimulia watu wote jinsi mkewe anavyokoroma. Bi Jedwali alisimama mlangoni, uso umemwiva. Alifikiria tu, moyoni, neno moja ambalo mke yeyote angelifikiria.

Acha.

Redio akakoma. Wembe ukasimama juu ya mshipa. Kicheko kikafa benchi zima. Ngo, ngo, ngo: safari hii mlio haukutoka kwa Redio wala sakafuni. Ulikuwa unagonga upande wa kushoto wa kichwa chake yeye Bi Jedwali, mahali pa harage, na mate yake mwenyewe yalikuwa na ladha ya chuma kilicholowa.

Endelea, akafikiria, kwa nguvu zake zote. Endelea, endelea.

"...kama trekta," Redio alisema, na watu wakacheka upya.

Aliweka chakula juu ya kaunta, akatoka kinyumenyume. Sasa hivi, unaposoma, kuna mwanamke mahali fulani anayepika, anayefua, anayelala ubavuni mwa mtu anayempenda, na saa zote kuna neno moja analozuia lisimpite kichwani. Unasema ni rahisi. Haya, jasiri, lizuie wewe, mpaka umalize pumzi hii tu.